Chumvi na Kongoni

Kifuniko cha kopo la chumvi kina mlio wake. Hata gizani niliutambua: kwi, halafu tap. Nikajua mama mkwe yuko jikoni kwangu, na anaondoka na chumvi.

"Baba Amna," nikanong'ona, "mama anachukua chumvi yetu."

"Mwache." Yasini alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anapaka nta kamba ya upinde kwa mwanga wa simu. "Anaifunga nyumba."

Kufunga nyumba! Nimeolewa huku Mkotokuyana mwaka wa tano sasa, na hilo sikuwahi kulisikia. Kwetu Ruangwa tunalima ufuta na mbaazi, nyama inatoka buchani. Lakini babu zake Yasini walivuka Ruvuma na pinde mabegani, na huo aliokuwa anaupaka nta ni wa marehemu baba yake. Tangu mzee azikwe haujaua kitu. Bunduki inasikika mpaka kwa watu wa maliasili. Upinde anausikia aliyeushika tu. Basi nyasi zilipoungua kule upande wa Nambilanje, majani mabichi yakaanza kuchipua, shemeji yangu Habibu hakunyamaza tena: "Kaka, huo upinde tuanikie nguo au?" Watu walicheka sana. Yasini hakucheka.

Kulipoanza kupambazuka mama akanikalisha kwenye kigoda.

"Mwanangu, mume akiwa porini, huku nyumbani mke naye ameshika upinde. Chumvi usile. Usifagie. Usivuke ule mkorosho pale. Na usigombane na mtu, hata moyoni."

"Hata moyoni, mama?"

"Hasa moyoni."

"Na darasa langu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

Mimi nasoma jioni, mjini Nachingwea. Shule niliiachia kidato cha tatu, na sasa nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Nikifaulu nataka nisomee uuguzi. Nikipanda bodaboda jioni, daftari limo kwenye kanga, najiona kama nimeshakuwa muuguzi. Lakini nilikubali. Siku mbili tatu si mwaka, nilijiambia.

Yasini alipokuwa anatoka, binti yetu Amna alimkimbilia. Kuku wake mwekundu alichukuliwa na kicheche, akabaki na unyoya mmoja, na huo akampa baba yake. Yasini aliufunga kwenye mshale alioupenda kuliko mingine yote.

"Baba, wangu utaanza?"

"Wako ndio utatangulia," akasema, akampapasa kichwa, akaenda.

Sasa hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Majani ya mkorosho yanadondoka uani, sifagii. Jirani anakuja kuomba moto, mama anamrudisha mlangoni, eti nyumba imefungwa, mimi naona aibu, halafu najiuliza: hii aibu ni ugomvi wa moyoni? Nikamkasirikia Habibu kwa maneno yake, nikajikumbusha, nikajaribu kumpenda. Huwezi kumpenda mtu kwa haraka hivyo. Kule porini, nikawaza, labda kongoni amegeuza shingo sasa hivi kwa ajili yangu.

Asubuhi iliyofuata Amna alikataa uji. "Hauna ladha."

Nikamuuliza mama kama masharti ni ya mtoto pia. "Mtoto hana masharti," akasema, akaniletea chumvi kidogo kwenye kiganja. Nikaitia kwenye uji, nikakoroga, na kama mama yeyote anayeogopa kumuunguza mwanawe, nikaonja.

Nikakumbuka ulimi ukiwa tayari umeonja. Nilitema. Nusu niliitema, nusu sijui ilikwenda wapi. Kuonja ni kula? Hakuna darasa lililonifundisha hilo.

Yasini alirudi jua likiwa limeinama. Alipitia nyuma ya jiko kwanza, ndipo akatokea uani, kifua na magoti vyeusi kwa majivu. Mikono mitupu. Habibu alikuwa ameshafika.

"Karibu, kaka. Nyama inakuja na trekta?"

"Mwache apumue," mama akasema, akampa maji. "Haya. Sema."

Yasini alisema vizuri, siwezi kukataa. Kule kumeungua kote, hakuna hata kichaka cha kujifichia. Kongoni walikuwa wanakula majani mabichi, na dume lao limesimama juu ya kichuguu, linalinda. Ukiinua kichwa, limekuona. Basi akalala kifudifudi akajivuta, jivu linaingia mdomoni, kila mara anatikisa kitambaa chenye majivu kuona upepo unakwenda wapi. Dume likitazama huku, yeye ni gogo. Likitazama kule, anasogea. Jua likapanda, likamchoma mgongo. Akafika karibu mpaka akaziona kope za mnyama.

"Kope!" Habibu alisahau kucheka.

"Nikapiga goti. Nikavuta."

Akanywa maji. Tukangoja.

"Halafu?" mama akauliza.

"Halafu nikampata. Begani. Akaondoka nao."

"Nao upi?" Amna akauliza.

"Ule wako, mama."

Amna akaanza kulia, kilio kile cha pole kisicho na mwisho. Mama akamwambia aende nyuma ya jiko akatafute vijiti vya kuwashia moto, ajishughulishe.

"Damu uliifuata?" Habibu akauliza.

"Niliifuata. Ilikuwa kidogo. Unajua ubavuni damu haitoki upesi."

"Si umesema begani?"

"Bega, ubavu, si kulekule! Ulikuwepo wewe?"

Mama hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mnyama akiondoka na mshale, nyumba ilikuwa wazi. Mama Amna, ulifanya nini?"

Ningeweza kusema sikufanya kitu. Habibu pale ananikodolea macho, uani majani yamejaa kama ushahidi wangu mzuri. Lakini nilimwona yule mnyama anakimbia na chuma mwilini, peke yake kwenye majivu, na yote kwa sababu ya ulimi wangu.

"Nilionja uji," nikasema. "Wa mtoto. Ulikuwa na chumvi."

"Lo!" akasema Habibu.

"Nilitema, mama. Nusu."

"Acha, mama Amna," Yasini akasema haraka. "Chumvi ya kuonja si kitu."

"Si kitu?" Mama akamgeukia. "Kongoni wa watu ameondoka na mshale, wewe unasema si kitu? Baba yako asingesema hivyo."

Yasini akainamisha kichwa. Hakunitazama. Nilidhani ni hasira, halafu nikadhani ni uchovu, halafu sikujua ni nini. Mtu anayekukasirikia hakuombei msamaha wakati huohuo.

"Basi," mama akasema, na wala hakuwa mkali, alisema kama anayenipimia dawa. "Utakaa ndani ya ua mpaka mume wako aue. Mjini huendi. Darasa litasubiri."

"Mama, mtihani ni mwezi wa kumi na moja."

"Basi aue upesi."

"Na mvua zikiwahi?"

"Nyasi zikishaota, uwindaji ni mpaka mwakani. Nawe mwakani utakuwepo, huendi popote."

Nikamtazama Yasini. Neno moja tu angesema. Yeye ndiye alinilipia bodaboda siku ya kwanza, yeye ndiye huniuliza maswali ya baiolojia akiwa amelishika daftari juu chini. Alikuwa anakwangua majivu kwenye kucha, ukucha mmoja baada ya mwingine.

Labda ndivyo ilivyo, nikawaza. Labda kweli ulimi wangu unafika mpaka Nambilanje. Nani anajua? Mwakani si mbali, Amna atakuwa ameanza shule, tutasoma wote wawili. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, mama.

Amna akatokea nyuma ya jiko. Machozi yamemkauka mashavuni, vijiti viko kwapani, na mkono mwingine ameuinua juu, anacheka.

"Bibi," akasema, "mshale wa kuku wangu ulikuwa kwenye kuni."