Kiu ya Mmea wa Dirishani

Jumatatu, tarehe 9 Machi 2026. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na kuta za nyumba zilitoka maji, kama kila mwaka Guangzhou inapoanza kupata joto. Nguo hazikauki. Nilishinda ghalani nikipakia marobota nami nimefunga Ramadhani, na magharibi ilipofika miguu haikuwa yangu.

Hata hivyo nilikwenda darasani. Nina miaka hamsini na tatu, na kozi hii ya baiolojia ya jioni nimeshaifeli mara moja. Lilibaki jaribio moja. Nikilikosa, nafasi yangu anapewa mwingine. Katika sijida ya magharibi nilimwomba Mungu hilo tu.

Mwalimu wetu, Séphora, ni mtu wa Lubumbashi. Wiki mbili zilizopita alimpa kila mmoja mmea mdogo wa majani manene, akakataza tusiumwagilie wiki mbili. Mizizi ikikosa maji, alisema, mmea hutengeneza homoni ya kuyapa majani habari. Jani lenye habari hiyo likipigwa na mwanga, chembe zake za kijani husogea ndani ya seli na kujikusanya pamoja.

Jioni hii, kwa jaribio, kila mmoja alileta jani lake, nami nikachungulia kwenye hadubini. Chembe za jani la mwenzangu Rahim zilikuwa zimejikunyata pembeni. Zangu zimetawanyika kila upande.

"Baba Ussi, uliumwagia maji?"

"Hata tone, mwalimu."

Mke wangu Mwanakhamis, aliyekuja na kikapu cha futari, akakohoa. "Nimempa mie. Kila magharibi. Sisi twanywa, yeye atutazama tu pale dirishani."

"Kumbe mti nao ulifunga, Bi Mwanakhamis?" akasema Rahim.

"Nawe nichokoze, sambusa uzisikie harufu tu."

Wakacheka. Mimi nilifunga daftari. "Mwalimu, nimechoka. Niache niishie hapa."

Alinisogezea kichupa. "Homoni yenyewe ni hii. Tumbukiza vipande vya jani lako. Kimoja weka chini ya taa, kingine gizani. Halafu uende usali."

Tulisali Isha na tarawehe chumba cha pili. Niliporudi, chembe za kipande cha gizani zilikuwa bado zimetawanyika. Za kile cha taani zilikuwa zimekusanyika upande mmoja. Jani lililoshiba maji lilikuwa limepewa habari ya kiu, na mwanga ulipolifikia, likaitii. Nikasema subhanallah kimoyomoyo, nikatazama mpaka macho yakauma.

"Bon, vizuri," akasema Séphora. "Hiyo ni homoni ya kwenye chupa. Mimi nataka ya mmea wako. Nakuongezea wiki mbili, kama unazitaka."

Mgongo uliniuma kwa kuzifikiria tu.

"Nazitaka," nikasema, "lakini mmea huo nyumbani una wenyewe wawili."

Mwanakhamis akasimama na kikapu chake mbele ya darasa zima.

"Nyote mashahidi," akasema. "Inshaallah wiki mbili simpi hata tone, na huruma yangu nitaimeza, mpaka mwalimu aseme."