Kitufe cha Tano

Kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta, Wanjugu aliipangusa kibodi kwa kipande cha fulana kuukuu alichotoka nacho nyumbani kwake Rhonda. Alianzia kushoto akamalizia kulia, kwenye kile kibao kidogo cha nambari, na hapo alikawia, kwa sababu hapo ndipo yalipokuwa macho yake. Kitufe cha nane kilimsomea mstari mzima. Cha tano kilimsomea neno moja. Katikati ya hicho cha tano palikuwa na kidoti kilichoinuka kama punje ya ulezi, na kidole chake cha kati kilikifahamu kidoti hicho kuliko kilivyowafahamu watu wengi wa mji wa Nakuru.

Alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka mitatu. Shule ya wasioona ilimfunza kupiga taipu, na baadaye kutumia ile programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Ilikuwa na sauti ya kiume ya Kiingereza, na ilisoma Kiswahili kama mmishenari aliyeshuka ndegeni jana. Ikifika kwenye tarakimu ilijitia ujanadume na kuzitamka kwa Kiingereza safi. Chemutai, mwenzake wa meza ya pembeni, ndiye aliyeibandika jina la Mzungu. "Mzungu wako ameamka?" angeuliza kila asubuhi, huku akivuta kiti chake karibu.

Chemutai aliondoka Januari, wiki ile mji ulipowaka baada ya uchaguzi na makabila yakafukuzana, akiwa na begi moja na bila kuaga. Sasa ulikuwa mwezi wa nane na kiti chake kilikuwa palepale. Hakuna aliyekikalia, hakuna aliyekiondoa. Wanjugu alikigusa mgongo kila akipita ili ajue kwamba amefika mezani kwake, hivyo ndivyo alivyojiambia.

Tangu Januari kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kuandikisha watu waliofukuzwa makwao na fujo. Sue, karani wa kaunta, aliwarekodi kwenye kaseti wakisema walikuwa na nini na wamebaki na nini. Wanjugu aliweka earphone ya kaseti sikio moja, ya Mzungu sikio la pili, akaandika. Maelezo yalipelekwa ofisi kubwa ya mkoa, na huko ndiko ilikoamuliwa ni nani atapata mabati na kipande cha ardhi, na ni nani atabaki hemani.

Jumatatu hiyo hata fulana hakuwa ameikunja, Makokha akaingia. Makokha alikuwa mkuu wa ofisi. Hakuwa mtu mbaya, kusema kweli. Alikuwa mtu wa kuogopa barua zitokazo juu, na leo alikuwa nayo moja mkononi, maana Wanjugu aliisikia ikigongwa kiganjani.

"Wanjugu, kazi yako ya Ijumaa imetuaibisha."

"Imefanya nini, bosi?"

"Huko mkoa walikaa hadi Jumamosi kufunga list, na karatasi zako zimerudi. Zote thelathini na moja. Zimepigwa muhuri ya udanganyifu." Akafungua karatasi. "Sikia huyu mzee wa Elburgon, Wanyoike. Eti ako na watoto sitini na tano."

Mtu akacheka upande wa dirishani. Wanjugu hakucheka. Mzee huyo alimkumbuka vizuri kutoka kwenye kaseti, sauti kavu, na kikohozi kabla ya kila nambari kana kwamba nambari zilimkwama kooni.

Ijumaa ilikuwa siku ya mkosi tangu asubuhi. Vitufe vya kile kibao cha nambari vilikuwa vimenyamaza, ukibonyeza ni kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa. Alimwambia Makokha. Makokha akamjibu mbele ya watu, "Si wewe hutype bila kuangalia? Sasa unataka kuangalia nini? Gari inatoka saa kumi." Ofisi ikaangua kicheko. Mishale ya kibodi bado ingemsomea mstari mmoja mmoja, lakini alipoanza kurudia Makokha alimkataza. Basi aliandika, na akapeleka.

Sasa alifungua faili ileile akaishuka kwa mshale. Mzungu akasoma bila haya: watoto sixty-five, ekari twenty-five, ng'ombe forty-five. Akashuka tena, kwa mama mmoja wa kijiji cha Bahati: watoto thirty-five, mbuzi eighty-five. Na wa tatu hivyohivyo. Kila nambari iliishia na tano.

Alitoka koridoni akampigia Nilesh, fundi wa kompyuta, ambaye familia yake ina duka mjini na ndiye aliyezihudumia mashine za ofisi.

"Nilesh, uligusa mashine yangu Alhamisi?"

"Eeh, dada. Ile jioni ulikuwa umeenda. Makokha alisema mashine zote zifanane, laptop zinakuja. Na laptop hazina ile number pad ya kando, so nikaweka layout ya laptop. Sasa unashika Caps Lock pamoja na mishale. Kwani hawakukuambia?"

"Na zile za kando?"

"Hizo sasa ni nambari tu. Ukifinya tano, inaandika tano."

Wanjugu akaegemea ukuta. Mwalimu wake wa taipu alikuwa na msemo mmoja ambao aliwachapa nao hadi ukawaingia: herufi ikikosewa msomaji atakisia, nambari ikikosewa hakuna wa kukisia. Ndiyo maana kila alipoandika nambari kwa vitufe vya juu, kidole chake kilishuka chenyewe kwenye ile punje ya ulezi, kubonyeza tano, ili asikie kama ameipata sawa. Ijumaa kilishuka kama kawaida. Hakusikia kitu, akadhani kimekufa, akaendelea. Hata mlio wa herufi alikuwa ameuzima mwenyewe ili usimchanganye na kaseti. Kwa hiyo kila mahali alipohakikisha, ndipo alipoharibu.

"Nilesh, kuja umwambie Makokha hivyo ulivyoniambia."

"Dada, nakuheshimu. Lakini hiyo ofisi ndiyo hunipatia kazi. Usiniweke katikati." Kisha, kwa aibu, akamfundisha vitufe vipya kimoja kimoja. Cha kusoma neno. Cha kusoma mstari. Na akitaka Mzungu asome yote bila kusimama: Caps Lock na mshale wa chini.

Alirudi mezani, akatoa nakala ya faili, akaanza kuirekebisha. Aliisikiliza kaseti upya, akaisimamisha kwenye kila nambari, akaifuta tano, akahakikisha kwa vitufe vipya ambavyo vidole vyake vilivikataa kama mtoto anavyokataa uji wa jirani. Mara tatu alijikuta ameshuka kwenye kidoti. Mwishowe aliufunika upande ule kwa fulana.

Saa saba wenzake walikwenda nyuma ya ofisi kula chapati na maharagwe. Alizisikia bakuli, akasikia wakibishana juu ya mechi. Hakuna aliyemwita. Si kwamba walimchukia. Tangu Januari kila mtu pale alikuwa amejifunza kutojihusisha, na mtu mwenye matatizo ni mtu wa kupitwa mbali. Chemutai alikuwa akikata chapati mara mbili na kumwekea nusu kiganjani bila kuuliza. Wanjugu alimkumbuka hadi akaumwa, akaendelea kufuta.

Kabla ya saa nane alikuwa amechapisha zote. Alizibeba kifuani hadi kwa Makokha.

"Bosi, nimesahihisha. Hawa watu hawakudanganya. Ni mashine ilibadilishwa, na hakuna mtu aliniambia."

Makokha alifunua karatasi kwa muda mrefu. "Kwani zote ziliishia na tano?"

"Zote."

Kwa hesabu ya mihuri, maelezo yale yalikuwa yamepitia kwa watu watatu wenye macho, na Makokha mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Sasa sikia," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nikituma hizi lazima niandike barua. Wataniuliza ni nani alisema keyboard ibadilishwe bila kuambia mwenye kuitumia. Huyo ni mimi."

"Ndiyo, bosi."

"List imefungwa. Wataapply tena mwaka ujao."

"Mwaka ujao watakuwa bado kwa hema."

"Contract yako inaisha lini?"

"Ijumaa hii."

"Nataka kuirenew, Wanjugu. Haki ya Mungu nataka. Usinifanye nishindwe."

Droo ikafunguka, karatasi zikaingia, ufunguo ukazunguka. Wanjugu alirudi mezani akipapasa njia aliyoijua kwa moyo. Alijua vizuri kazi nyingine ingemngoja wapi: popote angepeleka barua ya kuomba kazi wangemkaribisha kwa heshima, waione fimbo yake, wamwambie watampigia. Miaka minne ya ofisi hii aliipata baada ya miaka sita ya kungoja simu. Alitamani awe na mtu mmoja tu wa kumuuliza, nifanye nini. Akanyoosha mkono akagusa kile kiti, akaurudisha.

Saa nane kaunta ikafunguliwa, na foleni ya watu wa kambi ikaingia na harufu yake ya moshi wa kuni na turubai. Wanjugu alisikia kikohozi kabla hajasikia jina.

"Jina langu ni Wanyoike. Niliambiwa majibu ni leo."

Sue alinong'ona kitu. Makokha akatoka ofisini mwake mwenyewe, kwa kuwa alitaka jambo hili liishe mapema na mbele ya mashahidi.

"Mzee, yako imekataliwa. Ulidanganya serikali."

"Mimi?"

"Ulisema uko na watoto sitini na tano."

Foleni ikacheka. Mtu wa nyuma akasema mzee ni dume la mbegu. Wanyoike alikohoa. "Mimi niko na sita. Nilimwambia huyu msichana wa kaseti sita."

"Imeandikwa sitini na tano."

"Lakini nilisema sita."

"Mzee, imeandikwa."

Wanjugu alimsikia mzee akihema, akitafuta la kumwambia mtu aliye na karatasi. Sue aliyemrekodi kwa mkono wake alikuwa akipanga kalamu. Basi Wanjugu akaichomoa earphone kwenye mashine. Akaifungua faili ya Ijumaa, ileile iliyotumwa. Akaongeza sauti ya spika hadi mwisho, akashika Caps Lock, akabonyeza mshale wa chini.

Mzungu akaanza kusoma kwa ofisi nzima. Watu walicheka kwanza kwa jinsi alivyoyavunja majina yao. Kisha wakaanza kusikia nambari, kwa sababu nambari alizitamka sawasawa. Wanyoike wa Elburgon, watoto sixty-five, ekari twenty-five, ng'ombe forty-five. Akaja mama wa Bahati na watoto wake thirty-five. Akaja Kiptanui, fundi wa mbao, na kuku one hundred and five.

"Huyo ni mimi," sauti ya mwanamke ikasema. "Si wangu ni watatu tu?"

"Kuku zangu zilikuwa kumi," mwanamume akasema polepole.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mzungu aliendelea, mtu baada ya mtu, tano baada ya tano, na hakuna aliyehitaji kuelezwa tena.

"Zima hiyo kitu," Makokha akasema.

Wanjugu alikuwa ameweka mikono mapajani. Makokha alikuja akasimama juu ya kibodi na macho yake mawili mazima, na hakujua aguse wapi. Akainama chini ya meza akachomoa waya ukutani.

Katika kimya hicho Wanjugu alisimama. "Kibodi yangu ilibadilishwa na sikuambiwa. Kila nambari yenu imewekwa tano ambayo si yenu. Kidole kilichoiweka ni changu, naomba msamaha. Zilizosahihishwa ziko ndani ya droo ya bosi. Ziulizeni kwa majina yenu."

Alingoja. Alikuwa na tumaini dogo kwamba Sue angesema ndiyo, nilimsikia akisema sita. Alisikia kiti cha Sue kikisukumwa, hatua zake zikija, zikampita, zikaenda kufunga dirisha.

"Chukua vitu zako, Wanjugu," Makokha akasema, bila hasira. Alisikika amechoka tu.

Vitu vyenyewe vilikuwa earphone aliyoinunua mwenyewe na kile kipande cha fulana. Alivitia mfukoni, akakunjua fimbo. Alipofika kwenye kiti cha Chemutai alikisukuma ndani ya meza, kama mtu anavyofanya wageni wakishaenda. Nyuma yake sauti zilikuwa zimeanza kuuliza habari ya droo, moja, halafu nyingine, na Makokha akijibu wangoje nje.

Mzee Wanyoike alimfuata hadi barazani.

"Msichana wangu, umefutwa kazi kwa sababu yangu?"

"Si kwa sababu yako, baba."

Wakasimama. Mzee akakohoa. "Sasa kwa serikali mimi niko na watoto wangapi?"

"Mpaka wafungue ile droo, sitini na tano."

"Basi nawarudia sasa hivi," mzee akasema. "Waniambie hao wengine wako wapi, ama walete unga ya sitini na tano." Akarudi ndani kwenye foleni.

Wanjugu akabaki peke yake kwenye ngazi. Alitoa simu yake ndogo, kidole kikatafuta kile kidoti kilichoinuka kwenye tano, mahali ambapo nambari zote huanza kuhesabiwa, akampigia Chemutai kama alivyompigia kila siku tangu Januari. Mwanamke wa mtambo akamwambia mteja hapatikani. Wanjugu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa siku hiyo nzima, mbali na mzee, hakuna mwingine aliyekuwa amezungumza naye kwa upole bila kutaka kitu. Kisha akaanza kupapasa ngazi kwa fimbo, moja moja, akishuka.