Mama wa Mtoto Yuko Wapi?

Kifundo cha mkono wa mtoto kilikuwa chembamba, kina moto kama jiwe lililoshinda juani, na muuguzi alikishika bila kumtazama mwenyewe. Macho yake yalikuwa kwenye kipimajoto. Kwenye benchi kina mama walibembeleza vichanga vyao kwa sauti ya chini, maana wote walimcha. Walikuwa wamembandika jina la Kadhi, kwa kuwa hukumu zake hazikuwa na rufaa.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" aliuliza.

Kwa pembe ya jicho aliona mkono wenye makunyanzi umemshikilia mtoto.

"Naona kaletwa na bibi yake. Kuzaa si kazi, kazi kulea! Mtu na miguu yake miwili anamwachia bibi kizee mtoto anayewaka moto, yeye ana shughuli. Nauliza tena, mama yake yuko wapi?"

"Ndiye wewe," ilijibu sauti aliyoifahamu tangu angali tumboni.

Akainua uso. Mbele yake alisimama mama yake mzazi, mtandio umemteleza mabegani, amembeba binti wa muuguzi, mtoto wa pekee ambaye Mola alimjalia.

Benchi zima likageuka kutazama. Kisha mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. "Leo Kadhi kajihukumu mwenyewe!"

"Funga mdomo, wewe," jirani yake akamkanya. "Aibu ya mwenzio usiichekee, haitaficha yako; nguo ya kuazima haisitiri matako."

Aibu nyingine hupita usoni kama upepo. Nyingine hushuka kifuani na kupiga kambi. Miaka yote muuguzi aliyahesabu makaripio yake kuwa sehemu ya ihsani, dawa chungu kwa wazembe. Hakuwahi kumuuliza hata mmoja wa mabibi walioleta wajukuu: mwanao anafanya kazi gani, mpaka ukaja wewe?

"Nimekupigia simu tangu asubuhi, mwanangu," alisema bibi.

"Iko kabatini, mama. Hatuingii nayo."

"Najua. Ndipo tukapanga foleni kama waja wengine."

Mtoto akafumbua macho mazito. "Sista," alisema, "usimgombeze bibi. Mimi ndiye niliyemwambia tuje."

Sista! Hivyo ndivyo wote walivyomwita pale, na nyumbani mtoto alifunzwa kwamba mama akiwa kazini hasumbuliwi.

"Mimi mama yako, kipenzi changu."

"Hata huku?"

Muuguzi alivua glavu, akamwomba mwenzake ashike zamu ya meza, akazunguka na kwenda kuketi upande wa pili, penye benchi. Wanawake wakajisogeza wampe nafasi. Hakuna aliyetania tena, na upole wao ulimchoma kuliko lile cheko.

"Homa imeanza lini?" mwenzake aliuliza kwa staha, kalamu mkononi.

Akafungua kinywa. Yeye aliyeweza kutaja bila kusita kipimo cha dawa kwa uzito wa kila mtoto, alikuta kinywa ni kitupu. Akamgeukia mama yake. Mama akainamisha macho, si kwa inda, bali kama mtu anayempisha mwenye haki mlangoni.

"Alitapika? Amekula nini jana?" mwenzake aliendelea kuuliza.

"Juzi," alisema mtoto, "ndipo nilipoanza kusikia baridi. Nilikuja chumbani kwako, mama. Ulikuwa umelala na sare. Bibi akasema umechoka, tusikuamshe."

Kalamu iliandika. Muuguzi aliifuata kwa macho kana kwamba inaandika habari za nyumba ya jirani.

Damu ikachukuliwa, wakaambiwa wasubiri. Usingizi ukamchukua mtoto, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya bibi. Miguu ikatapatapa ikitafuta mahali, hatimaye ikatulia juu ya sare nyeupe. Muuguzi akaivua viatu polepole, akazikumbatia nyayo kwa viganja vyote viwili.

Hakuthubutu kuomba upande wa kichwa.