Draiva ya Msichana Anayegeuka Nyuma

Mwanamume mwenye kitambi akijifanya msichana wa miaka kumi na sita ni kichekesho tosha hata kabla hajashika fimbo. Mkata nyasi wa kiwanja cha gofu alikuwa navyo vyote, kitambi na fimbo, na juu ya hayo mabuti ya mpira yaliyopakwa kijani na nyasi za miaka ishirini. Makedi, wale wanaowabebea wachezaji mikoba, walikuwa wamejazana kwenye dirisha la karakana kama watu wanaotazama harusi ya bure.

"Zungusha kiuno, mzee! Binti gani huyo mgumu kama mlingoti!" akapayuka kedi mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu mdomo wake hauna kitufe cha kuzimia.

"Nyamaza wewe!" akafoka mkata nyasi. "Anainua kisigino cha kushoto, hivi. Halafu anatulia juu kidogo, kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Ndipo anashuka."

Paa! Mpira ukajibamiza kwenye wavu. Fundi wa fimbo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, hakucheka. Alikuwa akisoma kijimashine chake cha kupimia.

"Rudia," akasema.

Hayo yote yalitokana na Jumapili. Jumapili binti wa mkata nyasi alikuwa anarudi, baada ya miaka saba. Aliondoka na begi moja kwenda shule ya mbali iliyomtaka kwa ajili ya gofu yake, na tangu siku hiyo baba yake alimpata kwa simu tu, dakika chache kwa wiki, nusu yake ikiliwa na "Unanisikia?" na "Nakusikia, wewe unanisikia?" Sasa anakuja kwa siku kumi. Mkata nyasi alitaka jambo moja tu: binti ashike draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, apige, mpira unyooke, na ajue kwamba baba yake bado anamjua.

Fundi alikuwa amemwekea mbili mezani. Moja nyekundu, inayong'aa, shingo yake imegundishwa moja kwa moja. Ya pili nyeusi, imechubuka kichwani, ila shingoni ina skrubu, na chini ya tumbo lake kuna kipande cha uzito kinachosogezwa huku na huku. Jicho la mkata nyasi lilikuwa limeshaoa ile nyekundu.

"Hiyo ni suruali ya kushonewa mtu mwingine," fundi alimwambia. "Ikikubana imekubana. Hii nyeusi naweza kuipunguza kiuno, nikaiongeza mapaja. Ila lazima nilijue pigo la mwenyewe. Mlete."

"Yumo safarini."

"Basi nionyeshe video."

"Sina. Pigo lake ninalo kichwani."

Ndivyo kitambi kilivyoingia kazini. Mipira kumi ilipigwa, na kijimashine kikasema yote ingeishia kulia, kwenye miti.

"Anainua kichwa kabla fimbo haijagusa mpira," fundi akasema. "Uso wa fimbo unafunguka, unatazama kulia. Ni kasoro."

"Si kasoro." Mkata nyasi alijifuta jasho. "Mimi nilikuwa nyuma yake siku zote, juu ya mashine ya nyasi. Alikuwa anageuka kuona kama nimemwona."

 

Fundi alivaa miwani yake. Akalegeza skrubu, akaizungusha shingo, akausogeza uzito upande wa kisigino cha fimbo, karibu na shingo. Mkata nyasi akapiga tena, akageuka tena, hadi kijimashine kikakubali kuwa mpira umenyooka. Spana ndogo ikalia *ka!* na kazi ikaisha.

"Shika na spana. Nimeifunga kwa msichana wa miaka kumi na sita. Akishuka mwingine kwenye gari, fungua."

Mkata nyasi aliitia spana mfukoni. Maneno aliyaacha palepale mezani.

Aliyeshuka kwenye gari alikuwa na mabega ya muogeleaji na nywele fupi. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama." Kwa miaka saba baba alikuwa amejipangia maneno ya kumwambia, mengine mazuri kwelikweli. Akasema, "Umekula?"

Jumatatu wanachama hawachezi, wakaenda kiwanjani. Binti aliipokea draiva, akaipima mkononi, akatabasamu, akachomeka kimsumari ardhini na kuweka mpira juu yake. Baba akasimama nyuma yake, mahali pake pa zamani, roho juu.

Kisigino hakikuinuka. Juu hakutulia. Kichwa kilikaa kama kimepigwa msumari. Mpira ukapaa vizuri, ukakata kona kushoto, ukazama kichakani. Wa pili ukamfuata mwenzake.

"Kushoto, wasikilizaji!" Redio akatangaza kutoka kwenye benchi la makedi.

Binti akaigeuza fimbo, akatazama alama za shingoni. "Baba, hii imefungwa kwa nani?"

"Kwako." Akajikuna kitambi. "Wewe wa zamani. Nilimwambia fundi unageuka kuniangalia. Nikampigia mipira kama wewe, watu wote wakanicheka."

"Ulipiga kama mimi? Na hicho kitambi?"

"Na kisigino niliinua."

Binti alicheka hadi akashika magoti. Kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Kocha wa kule shuleni alihangaika mwaka mzima kuniachisha. Kila nikipiga, nageuka. Akaniuliza, unamtafuta nani huko nyuma? Nikamwambia hakuna mtu." Alikuwa anakwangua udongo kwa ncha ya kiatu. "Na kweli, kila nikigeuka, hapakuwa na mtu. Mwishowe nikaacha."

 Mkata nyasi akatoa spana mfukoni, akampa. Binti akalegeza skrubu, akairudisha shingo katikati, akausogeza uzito. *Ka!* Akaweka mpira mwingine, akainama juu yake, halafu akainuka bila kupiga.

"Baba, usisimame huko."

"Nakusumbua?"

"Njoo upande huu. Mbele yangu, ng'ambo ya mpira. Rudi nyuma kidogo, nisikuvunje goti." Alimpanga kama mtu anayepanga kiti. "Hapo hapo. Kichwa sikiinui tena, lakini hapo nayaona mabuti yako."

Mkata nyasi aliyabana mabuti yake pamoja, akatulia, hata pumzi akaizuia.

Binti akapiga.