Zamu kwenye Kifua cha Kitheka

Jumamosi asubuhi, kule kijiji cha Raila, Kibera, Kitheka alikuwa nje ya nyumba yake akipigilia misumari kwenye kochi la mteja wa mtaa wa Olympic. Misumari mingine alikuwa ameibana kwa midomo, kama kawaida ya mafundi wa makochi. Jirani yake Shiundu, fundi wa welding, alikuwa akimcheka kwa sababu timu yake ilipigwa jana. Kitheka akatema misumari ili amjibu, akaanguka.

Alikoroma kidogo, kisha hata huko kukoroma kukaisha. Watu wakajaa. Huyu ameleta maji amwagiwe, yule anamvua viatu, wengine wameshatandika blanketi wambebe mbio hadi barabarani, maana huku mtu akianguka ni lazima abebwe.

“Msimwinue!” mkewe Wayua akafoka. “Na msimweke kwa kochi. Mwacheni hapo chini, penye pagumu. Shiundu, pigia ambulansi simu!”

Alikuwa amefundishwa kwenye semina ya akina mama kanisani, juu ya mwanasesere wa plastiki. Akapiga magoti, akaweka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, akanyoosha mikono na kukandamiza kwa nguvu na haraka, akiacha kifua kiinuke kabla ya kukishusha tena.

Kitheka akafumbua macho. “Nani ameshika nyundo yangu?”

Wayua akaacha kidogo apanguse jasho. Kitheka alikuwa anasema, “Mwambieni mte…” akanyamaza, midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Wayua akakandamiza tena. “…ja kochi litachelewa,” akamalizia.

Basi ikajulikana hivyo. Akikandamizwa, yupo, akiachwa, hayupo. Hakuna aliyeuliza mengi. Walipanga zamu, maana mikono ikichoka haisukumi vizuri, na Wayua hakutaka mtu wa kupapasapapasa.

Ambulansi nayo, kila wakipiga simu, waliambiwa inakuja. Musembi, kaka yake Wayua anayekaa Kabiro, Kawangware, akaenda kuitafuta. Aliikuta hukohuko Kabiro. Mpya kabisa, ina ile mashine ya kushtua moyo, imeegeshwa chini ya hema na kufungwa utepe mwekundu. Ilikuwa inangoja mgeni rasmi aje kuizindua.

“Dereva anasema akikata huo utepe atafutwa kazi,” Musembi akasema kwa simu.

“Na mgeni anakuja lini?”

“Hawajui. Viti wameshapanga.”

Aibu tupu! Lakini utamwambia nani?

Wiki zikapita. Kitheka, akiwa palepale nje alipoangukia, alikunywa uji kwa mrija, akapatana na wateja, akakosoa kila aliyegusa vifaa vyake. Wakati mwingine alilalamika.

“Mbavu zinaniuma, Mama Kasiva.”

“Acha ziume. Zitapona.”

“Umechoka. Niachilie tu.”

“Nyamaza! Ukienda nitabaki na nani?” Wayua akasema, na machozi yakamdondokea Kitheka shingoni. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na nguvu ya kuficha.

Majirani walikuwa na kazi zao. Wa mjengo walirudi jioni mikono imekufa, wa sokoni hawangeacha vibanda. Mwishowe wakabaki watatu: Wayua, Shiundu, na Nafuna mke wa Shiundu. Vifundo vya mikono ya Wayua vilivimba hadi akashindwa kukamua nguo.

Jumapili moja baada ya ibada, mchungaji akaja na kwaya kumwombea mgonjwa. Ilikuwa zamu ya Shiundu. Wayua alikuwa amekaa hapo kando, goti lake likigusa bega la mumewe, na Kitheka alikuwa anamweleza kwamba Kasiva wao anunuliwe viatu vya shule vyenye soli ya kushonwa.

“Wapendwa,” mchungaji akasema, “tuinue mikono yetu kwa Bwana.”

Watu wote wakainua. Shiundu, ambaye tangu utotoni hajawahi kuambiwa hivyo akabaki na mikono chini, akainua yake pia, macho ameyafumba. Yalikuwa maombi mazuri, marefu. Kitheka alikuwa kimya, na waliodhani chochote walidhani anaomba.

Baada ya amina, Wayua alimrukia kifuani. Akakandamiza, Nafuna akampokea, Shiundu akapokea, na mchungaji mwenyewe akavua koti akapiga magoti matopeni. Walisukuma ipasavyo, vizuri kuliko siku zote. Kitheka hakumalizia maneno yake.

Musembi akapiga simu kutoka Kabiro. Mgeni rasmi alikuwa amepata udhuru na uzinduzi umeahirishwa, ila hema limebadilishwa kwa sababu ya mvua.

Watu walipoondoka, Shiundu alibaki ameketi chini, hawezi kumtazama Wayua.

“Ni mimi, Mama Kasiva. Mikono iliinuka tu.”

Wayua alikuwa akimfunga Kitheka vifungo vya shati.

“Mimi ndiye nilikuwa karibu naye,” akasema. “Na yangu pia ilikuwa juu.”