Jiwe na Nyundo

Kavetsa alipanda ngazi za mbao hadi orofa ya tatu, githeri ya mafundi akaiacha chini ikiungua. Iungue! Tangu mwaka huo wa sabini na nane uanze alikuwa akipika kwenye jengo hili la Kawangware, na jana kakake, Shiundu, alifia hapa hapa. Nyundo ndogo ilimponyoka fundi huko juu ikampiga utosini.

Asubuhi nyapara Nderitu alitamka mbele ya watu wote: "Nyundo ni kitu nyepesi. Nyepesi huanguka polepole, mtu anakwepa. Huyo alikuwa amelewa, na hivyo ndivyo nitaandika."

Amelewa! Shiundu, ambaye hata busaa ya matangani hakuionja! Kesho mwili ungesafirishwa nyumbani Kaimosi, na karatasi hiyo ya nyapara ingesomwa mbele ya mama yao.

Na kilichomuuma zaidi, mafundi wote waliamini vilevile. Jiwe likiponyoka, wanaita "Kichwa!" kuwaonya walio chini. Nyundo ikianguka, hakuna anayejisumbua.

"Tokeni hapo chini!" alifoka. Akaweka jiwe la kujengea na nyundo ukingoni mwa ubao, akavisukuma pamoja kwa mkono mmoja. Kikasikika kishindo kimoja.

"Imetokea tu," Nderitu akasema kutoka chini.

Kavetsa akasukuma jiwe lingine na nyundo nyingine. Kishindo kimoja tena.

"Sasa simama hapo, Nderitu! Wewe hujalewa. Naangusha nyundo peke yake, na siiti. Kwepa tuone!"

Nderitu alirudi nyuma hadi chini ya paa la stoo. Mafundi walimtazama, hakuna aliyecheka. Nderitu akatoa karatasi, akafuta, akaandika maneno mapya.

Kavetsa alishuka mbio, akaisoma. *Bahati mbaya.*

"Bahati gani? Bahati ndiyo ilishika nyundo? Andika hakuna mtu aliita!"

"Andika ni mimi." Alikuwa Musau, fundi wa orofa ya tatu, macho yamemwiva. "Niliiona ikinitoka mkononi, dada. Shiundu alikuwa ameinama. Nikaona ni kitu kadogo, nikanyamaza."

Kavetsa alikuwa amekuja na matusi ya kumtosha kila mtu pale. Badala yake akamwonyesha Nderitu karatasi kwa kidole. Nderitu akaanza kuandika.