Twende Ukamsalimu Baba Yake

"Ukitaka kumuoa mutoto ya kaka yangu, twende kwanza ukamusalimu baba yake kule alifia."

Ndivyo nilivyomwambia Symphorien mbele ya wazee wa pande zote mbili, uani kwetu mtaani Kamalondo, na wazee wakakubali kwamba ni haki yangu. Mimi Chileshe ndimi shangazi. Nikikaa mlangoni, harusi haipiti.

Symphorien alicheka tu. Mtu mwenye duka la vitambaa, koti la sufu na baiskeli mpya, atamwogopa nani? Lakini mimi nilimjua kabla ya hilo duka. Alikuwa kapita, msimamizi wa wachungaji, kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mmoja, juu milimani upande wa Mitwaba, na kaka yangu Kapya alikuwa chini yake. Kapya alifia huko wakati wa baridi, binti yake Laurentine akiwa bado ananyonya kidole. Tuliambiwa ni homa. Baadaye mchungaji mmoja alishuka mjini, akanywa pombe yangu, akalia, akasema kapita alimfungia Kapya kibandani kwa mawe, mgonjwa, bila moto, kwa sababu ng'ombe mmoja alianguka korongoni. Kibanda kipi, hakusema, na kabla sijamuuliza vizuri naye akafa.

Laurentine hakutaka kusikia. "Tantine, ile ni maneno ya balevi! Usiku ile Symphorien alikuwa kule chini, kwa nyumba ya muzungu. Hata kibanda yenyewe hajui. Kama unachukia miye nipate bwana, sema tu."

Mawee! Mtoto niliyemlea kwa mikono hii! Nilimeza hasira. Harusi ilikuwa imekaribia. Kama Symphorien hana kosa, ningecheza ngoma mpaka viatu viishe. Kama analo, basi nilikuwa namkabidhi mtoto wa Kapya kwa aliyemuua Kapya, na hilo lisingetokea nikiwa hai.

Kamyo, lori la wachuuzi, ilitushusha chini ya mlima, tukapanda kwa miguu sisi watatu. Msitu wa huko ni mnene, miti imevaa kuvu kijani, na baridi ya Julai inaingia mpaka kwenye meno. Vibanda vya wachungaji bado vilisimama kandokando ya njia ya zamani ya ng'ombe. Walivipanga wenyewe jiwe juu ya jiwe, bila udongo, bila saruji, hata paa ni mawe bapa, kwa kuwa upepo wa juu haubakizi nyasi. Mlango wa kila kimoja ni tundu la kuingia kwa magoti. Mzungu alikwisha kurudi kwao, ng'ombe wakauzwa, vibanda vikabaki na popo.

"Hatujui ni kipi," nikasema. "Basi tutasalimu katika kila kimoja."

"Bon, mama mukwe, hakuna neno," akajibu.

Kwenye kibanda cha kwanza aliingia mbio kuukimbia upepo. Alipiga makofi ya salamu, akamwita Kapya kwa heshima, kisha akakaa humo akitafuna karanga. Laurentine alinitazama kana kwamba ananiambia: umeona? Mimi nilibaki nje, maana mkwe na mama mkwe hawakai chini ya paa moja. Cha pili aliingia vilevile, akaimba hata wimbo wa kanisani. Nikaanza kujiona mjinga. Labda kweli nilikuwa nimebeba chuki ya bure miaka yote hiyo.

Cha tatu kilikuwa ndani kabisa ya msitu, penye kijito. Symphorien alikipita. Hakugeuza hata shingo.

"Na hiki?" Laurentine akauliza.

"Hapana, hapa tupite. Iko nyoka."

Laurentine alichukua fimbo, akachokoa ndani, akapiga huku na huku. Hakuna nyoka. "Hakuna kitu. Kuya, tusalimu."

"Mulango iko mufupi."

"Ni sawa na ile ingine," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Yule mtu alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile. Ee, njia ya mwongo ni fupi! Mwili wangu wote uliwaka. Nilitaka kumrukia shingoni, lakini Laurentine alinitangulia. Aliingia mwenyewe kwa magoti, akamwita kutoka ndani, kwa upole kabisa: "Kuya, bwana wangu. Baba anangoja."

Angefanya nini? Kukataa ni kukiri. Akapiga magoti, akaingia. Laurentine akapenya pembeni yake, akatoka, akaanza kupanga mawe mlangoni. Mimi nikambebea yale makubwa.

Mwanga ulipopungua mle ndani, Symphorien, aliyekuwa amejikunyata ameficha uso, akapiga yowe. "Kapya! Kapya, nisamehe! Nilisema nitafungua asubuhi! Sikujua utakufa! Nilisema asubuhi!"

Laurentine alisimama na jiwe mkononi. Machozi yalimtoka.

"Sukuma basi!" nikapiga kelele. "Mawe haya hayana saruji! Kapya alikuwa na homa, hakuweza. Weye uko muzima, sukuma!"

Hakusukuma. Alilia tu na kuomba, akimwomba maiti. Laurentine akaweka jiwe la mwisho, akainama karibu na ufa.

"Nitafungua asubuhi," akamwambia.

Tukashuka mlima, hatukugeuka nyuma.

Siku chache baadaye alionekana Kamalondo, koti limechanika, kucha zimevunjika. Hakumwambia mtu alikotoka, kwa kuwa angeulizwa sababu. Alifunga duka akahamia upande wa Rhodesia, na wazee wakarudisha posa bila maswali mengi. Laurentine yuko kwangu, anashona, hazungumzii habari ile.

Majirani wanasema sasa nitulie, nimeshinda. Nitulie vipi? Yeye alitoka.